Pleksi ilihukumiwa bure: kisa cha ampli ya zamani huko Kamalondo

Asubuhi moja ya Oktoba, papa mmoja, yaani mzee, wa mtaa wa Kamalondo aliingia karakana yangu hapa Lubumbashi akiwa amebeba ampli, amplifaya ya muziki wa gari, ndani ya taulo, kama mtu anayempeleka mtoto kwa daktari. Aliiweka mezani, akaifunua, akarudi nyuma hatua moja. Pleksi niliyomchongea mwezi wa saba, kifuniko cha plastiki angavu, ilikuwa na nyufa nne, kila ufa umeanzia kwenye tundu la skrubu, na katikati ilikuwa imebenuka. "Fundi," akasema, "hii pleksi njo iliua ampli ya mudogo wangu."

Ampli haikuwa imekufa. Ilikuwa inajizima yenyewe baada ya dakika ishirini hivi za muziki, inapumzika, inawaka tena, halafu inajizima. Na redio, tangu kifuniko kipya kiwekwe, ilikuwa inachakacha. Papa alikuwa ameunganisha mambo yote matatu kuwa kosa moja, na kosa lenyewe kuwa langu. Sikumlaumu. Kabla ya Julai hakukuwa na ufa, hakukuwa na kuzimika, hakukuwa na mchakacho. Kitu kimoja tu kilibadilika, nacho kilitoka mikononi mwangu.

Niseme kwanza kazi yangu ni ipi, maana mimi si fundi wa redio. Ninachonga: mihuri, vibao vya majina vya maofisi, ngao za kustaafu, misalaba ya makaburi. Nina mashine ya lazeri ya gesi ya kaboni dioksidi, wati 60, yenye meza ya sentimita 60 kwa 40. Umeme wa ampli naujua kama jirani anavyojua nyumba ya jirani: nimeingia sebuleni, jikoni sijafika. Kwa hiyo uchunguzi ninaousimulia hapa niliufanya pamoja na kijana anayefunga redio za magari karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, mwenye mikono myepesi na subira kuliko mimi.

Sasa, kwa nini mtu aweke dirisha kwenye ampli? Amplifaya za magari za Marekani za miaka ya 1980 na 1990 zilijengwa na watu waliojua kwamba siku moja mtu atazifungua. Rockford Fosgate kule Arizona na Phoenix Gold kule Portland, Oregon, na wenzao wa wakati huo, walipanga vipande vyao kama mezani kwa wageni: kapasita zimesimama mstari, transista zimeegemea ukuta wa alumini, na katikati koili ya shaba ya mviringo, mnene kama kata anayoweka mama kichwani kabla ya kutwika ndoo. Halafu kiwanda kinageuka kufunika uzuri wote huo kwa tole nyeusi, yaani bati la chuma. Wapenzi wa ampli za zamani huondoa tole hiyo na kuweka pleksi, na wengi huichonga jina la ampli, ramani ya saketi, au chochote wanachokipenda. Mimi nilikuwa sijawahi kufanya kazi ya namna hiyo kabla ya huyu papa.

Hizo ampli zina tabia nyingine inayohusu kisa chetu. Wakati ule mashindano ya muziki wa magari yaliwagawa washiriki kwa idadi ya wati zilizoandikwa kwenye ampli, basi watengenezaji wakaandika namba ndogo kwenye ganda na kuficha nguvu ndani. Mfano unaotajwa sana ni Orion HCCA 225: karatasini ni wati 25 kwa kila chaneli kwenye omu 4 (kipimo cha ukinzani wa spika), lakini ukiishusha chini kabisa, hadi sehemu ya omu moja, inakung'uta spika kama mlevi anayegonga mlango usiku. Nguvu hiyo haiji bure. Ampli za daraja AB, kama nyingi za enzi hizo, hupoteza sehemu kubwa ya umeme kwa joto; ukipiga muziki wa kawaida, karibu nusu ya unachochota kwenye batri inaishia kwenye mapezi ya alumini ya kupozea. Ya papa ilikuwa ya ukoo huo. Jina lake nalihifadhi, maana ampli yenyewe haikuwa na kosa lolote.

Mdogo wake ndiye aliyeinunua Ubelgiji, ikiwa tayari imetumika, akaituma nyumbani. Baadaye mdogo mtu akafariki, ampli ikalala kabatini miaka mingi. Papa alipostaafu akanunua Mercedes ya zamani, akaitoa ampli kabatini, akaja kwangu na ombi: pleksi yenye jina la mdogo wake, na juu ya jina sheminé, yaani dohani, ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na teril, mlima wa mabaki ya madini, pembeni yake. Mtu wa Lubumbashi akikuagiza picha ya mji wake, ni hiyo sheminé na huo mlima mweusi. Nimezichonga mara nyingi kiasi kwamba mkono unazichora wenyewe.

Jinsi nilivyoitengeneza ile ya Julai inahitaji kuelezwa kwa makini, kwa sababu nusu ya kesi iko pale. Pleksi niliyotumia ilitoka kwenye vizuizi vya corona. Mwaka 2020 kila kaunta ilijiwekea kioo cha plastiki, na baadaye vyote vikang'olewa, vikauzwa kwa bei ya kutupa. Nilinunua rundo zima, la unene wa milimita 3. Nikapima tole ya kiwanda, nikakata pleksi ya urefu wa sentimita 46, nikatoboa matundu kumi ya milimita 3.2 kwa skrubu za milimita 3, yaani yanashika kama pete kidoleni, na nikajisifu kwa usahihi huo. Skrubu nikarudisha zile zile za zamani, zenye vichwa vya koni, nikazichimbia vishimo vyake. Nikachonga upande wa juu. Nikasafisha vumbi la lazeri kwa alkoholi, ile ile ya kunawia mikono iliyobaki tangu corona. Asubuhi ya kufunga kulikuwa na baridi ya Julai ya Lubumbashi, ile inayomfanya mtu avae koti mbili. Ndani ya karakana kama nyuzi 12. Nikakaza skrubu kwa nguvu. Papa akalia machozi mawili matatu alipoona jina, akalipa, akaondoka.

Katika aya hiyo moja kuna makosa kadhaa, yote yangu. Hata hivyo hakuna hata moja lililokuwa linaizima ampli.

Tulianza na nyufa kwa sababu ndizo zilizokuwa wazi. Pleksi, yaani akriliki, hutanuka kwa joto karibu mara tatu kuliko alumini. Hesabu ni rahisi na ilinipasa kuifanya Julai: kwa kila nyuzi moja, akriliki hutanuka kama sehemu 70 kwa milioni za urefu wake, alumini kama 23. Toa nyuzi 12 za ile asubuhi, chukua nyuzi 60 na kitu ambazo kifuniko kinaweza kufikia ndani ya kofre, buti ya gari, Oktoba, jua likiwa juu na ampli ikifanya kazi chini yake. Tofauti ni nyuzi 50. Pleksi ya sentimita 46 inataka kuongezeka milimita 1.6, mwili wa alumini unaongezeka nusu milimita tu. Kuna zaidi ya milimita moja inayotafuta mahali pa kwenda, na matundu yangu ya pete yaliipa sehemu mbili za kumi za milimita. Ndiyo maana ilibenuka. Mchana ikisukumana na skrubu, plastiki ikalegea kidogo kidogo na kuzoea umbo la kubanwa; usiku ikapoa, ikataka kusinyaa, skrubu zikaishika. Hapo ndipo ufa unapozaliwa, usiku, gari limeegeshwa na hakuna anayeligusa. Vichwa vya koni navyo vinafanya kazi ya kabari ya kupasulia kuni: kila ukikaza, vinasukuma tundu lifunguke.

Na alkoholi. Hii ndiyo iliyoniuma, kwa sababu nilidhani ninafanya usafi. Lazeri ikikata akriliki huyeyusha ukingo na kuuacha na mkazo ndani yake, hata kama kwa macho unang'aa kama maji. Ukiupaka alkoholi, mkazo huo unafunguka kuwa nyufa ndogondogo kama nywele. Tulishika ile pleksi juani na kweli, kuzunguka kila tundu kulikuwa na miale myembamba, hata kwenye matundu ambayo hayakupasuka. Maji na sabuni kidogo vingetosha.

Basi suala la nyufa likafungwa siku hiyo hiyo. Lingekuwa hilo peke yake, ningechonga nyingine bure na kuomba radhi. Lakini papa hakuja kwa sababu ya nyufa. "Ufa nitavumilia," alisema. "Lakini harusi ya Jumamosi ilizimika mbele ya wakwe."

Nadharia ya kwanza ilikuwa ya papa mwenyewe, na niseme ukweli, nami niliiamini. Chuma hupitisha joto, plastiki haipitishi. Tumeondoa tole ya chuma, tumeweka blanketi. Ampli inapata homa, swichi yake ya joto inaikata. Hadithi nzuri, ina mwanzo na mwisho. Nilikuwa nimeshafungua droo ili nimrudishie pesa zake.

Kijana wa redio akafungua ampli, baada ya kutoa waya wa batri na kusubiri kapasita kubwa, ambazo huhifadhi umeme, ziishiwe. Hilo halitakiwi kurukwa. Kapasita iliyojaa haijali kama gari limezimwa. Akanionyesha kitu. Transista zote zilikuwa zimebanwa kwenye ukuta wa alumini kwa vyuma vyao wenyewe, vyenye skrubu zao. Hakuna iliyogusa kifuniko cha chini. Akageuza ile tole ya zamani ambayo papa, Mungu ambariki, hakuitupa: upande wake wa ndani ulikuwa rangi tupu, bila alama ya mafuta meupe ya kupitisha joto, bila doa la mpira. "Hii tole," akasema, "ilikuwa inafunika tu. Haikuwa inapoza kitu." Ziko ampli ambazo tole yake inabana transista au inabeba joto. Ukiona mafuta meupe au alama za mpira upande wa ndani, dirisha la pleksi lisahau. Hii haikuwa mojawapo.

Tukaiwasha mezani na pleksi yangu iliyopasuka, batri kubwa, spika ya besi, sauti pale pale anapoiweka papa. Nusu saa. Saa nzima. Haikuzimika. Papa akaanza kututazama kama wezi tuliokubaliana.

Hapo kijana akauliza swali ambalo lilinipasa kuliuliza mimi Julai: "Yaya, juu ya nini (kwa nini) tunaipima ku meza? Twende tuone pale inalala." Tukaenda kwenye Mercedes, tukafungua kofre. Kulikuwa na zulia zito jekundu, na juu ya zulia alama za mapezi zimekandamizwa, mstari kwa mstari, kama nyayo za kuku kwenye matope.

Ampli ilikuwa imelala kifudifudi.

Bila shaka ilikuwa kifudifudi. Kifuniko kiko tumboni mwa ampli. Ukitaka mtu akifungua kofre aone jina la mdogo wako, lazima tumbo liangalie juu, na mgongo wenye mapezi, yale mapezi ambayo ndiyo mapafu yake, uangalie chini kwenye zulia. Kwa miaka yote ampli hizi zimefungwa mapezi yakiwa juu, hewa moto inapanda na kuondoka. Siku papa alipoweka dirisha, aliigeuza. Na mimi nilimchongea herufi zinazosomeka tumbo likiwa juu, nikijua kabisa zitasomwa kutoka wapi, bila kuuliza mapezi yataangalia wapi.

Sikutaka kubadilisha nadharia moja nzuri kwa nyingine nzuri bila kupima. Kipimajoto kile cha corona cha paji la uso tulikijaribu kwa kicheko tu. Kimetengenezwa kwa ajili ya homa za watu. Tukatumia mita ya umeme yenye waya wa kupimia joto, tukaubandika katikati ya ukuta wa alumini, kwenye kofre la gari lenyewe, mlango wa kofre ukiwa umefungwa, mchana wa nyuzi 31. Kila jaribio nusu saa, wimbo ule ule, na kati ya jaribio na jaribio tukaiacha ipoe kabisa. Ilichukua siku mbili.

Mapezi juu, tole ya chuma: ilifika nyuzi 58. Mapezi juu, pleksi: 60. Tofauti ya nyuzi mbili. Pleksi ina lawama kidogo, kama mpita njia aliyekutwa kwenye ugomvi. Mapezi chini juu ya zulia, pleksi: ilifika 79 na kujizima dakika ya 22. Kisha jaribio ambalo papa alilipinga, kwa sababu kwake halikuwa na maana: mapezi chini, tole ya zamani ya kiwanda. "Sasa juu ya nini mutaipindula na tole yake? Hakuna kitu ya kuona!" Tukamwomba atuvumilie. Dakika ya 25 muziki ukakatika, mita ikisema 77.

Papa akanyamaza. Akasogea, akagusa alumini kwa kidole, akakiondoa haraka. "Kumbe ni kulala," akasema.

Jaribio hilo la nne ndilo lililofunga kesi. Bila hilo tungebaki tunabishana, maana kuzimika kote tulikokuwa tumekuona kulitokea pleksi ikiwepo, na kila mara tole ilipokuwepo hakukuwepo. Ilibidi tole ile ile isiyo na hatia ilazwe kifudifudi nayo izimike, ndipo pleksi iachiliwe.

Tiba ya joto ilikuwa rahisi kuliko uchunguzi. Tuliikatia ampli kiti: miguu minne ya alumini ya milimita 30, mapezi yakabaki hewani, na upande mmoja feni mbili za kompyuta za milimita 80 zikisukuma hewa iende kwa urefu wa mapezi, si kuyakata kwa upana. Mbele ya feni tulivuta kipande cha soksi ndefu ya nailoni, kwa sababu Oktoba hapa vumbi jekundu linaingia hata kwenye chumvi. Tulipopima tena, tumbo juu, pleksi mpya, feni zikizunguka: 61. Kuna jambo moja la nyaya. Ule waya wa bluu unaotoka redioni kuiamsha ampli hubeba umeme kidogo sana, na mafundi wengi huning'iniza juu yake feni, taa, na kila kitu, mpaka redio inaungua. Sisi tuliuacha uamshe rilei tu, swichi inayoendeshwa kwa umeme kidogo, na rilei ndiyo ikapeleka umeme kwenye feni na taa kupitia fyuzi yao ya ampea 2.

Pleksi mpya sasa. Rundo la corona nililitenga. Mengi yalikuwa ya aina inayosukumwa kati ya rola kiwandani. Ukiichonga, mistari inatoka kama uji, angavu na yenye kunata, picha haionekani vizuri. Hilo lilinisumbua hata Julai, sheminé ilionekana kama imechorwa kwa mate. Akriliki ya kumiminwa ndiyo inayotoa weupe wa barafu chini ya lazeri. Niliagiza kipande cha kumiminwa cha milimita 5 kupitia kwa mtu anayevuka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kila wiki. Kilipofika, kabla sijakiweka kwenye mashine nilifanya mtihani wa waya: waya wa shaba, na katika mji huu waya wa shaba hautafutwi mbali, unaupasha motoni mpaka uwe mwekundu, unaugusa kwenye plastiki, unaurudisha motoni. Mwali ukiwa kijani, kuna klorini ndani, yaani ni PVC. Ukiipiga lazeri inatoa gesi ya asidi inayokula mashine na mapafu. Mwali ulikuwa wa kawaida.

Wengine huuliza kama lazeri ndogo za bluu zinazouzwa kwa bei nafuu zinatosha. Kwa pleksi angavu, hapana. Mwanga wa bluu unapita moja kwa moja kama kwenye dirisha na kuchoma meza iliyo chini. Lazeri ya gesi ina mwanga wenye urefu wa wimbi wa mikromita 10.6 ambao akriliki inaumeza wote.

Safari hii nilichonga upande wa ndani, kwa herufi za kinyume, ili kutoka juu zisomeke sawa na uso wa nje ubaki laini. Ile ya Julai ilikuwa imejaa vumbi jekundu ndani ya kila mstari, jina la marehemu limekuwa rangi ya matofali. Matundu sasa si ya mviringo: la katikati upande mmoja ni la milimita 3.5, linashika, mengine yote ni marefu, milimita 3.5 kwa 6, yameelekezwa upande ambao pleksi itanyooka. Skrubu za vichwa bapa na pete za nailoni, zimekazwa mpaka ziguse tu, kisha nusu mzunguko kurudi. Kingo za matundu nilizipitishia sandpepa ya maji, na usafi ulikuwa wa sabuni. Na nilifunga mchana wa joto. Bado ninatoboa kwa nafasi, lakini sitaki tena baridi ya asubuhi inisaidie kukosea.

Chini ya pleksi niliongeza fremu nyembamba ya alumini ili kuwe na milimita 15 hivi kati yake na ncha ya kapasita ndefu kuliko zote. Akriliki inaanza kulainika karibu na nyuzi 105, na la kuogopa zaidi ni kwamba inawaka moto, inadondosha matone yanayowaka. Juu ya saketi inayoweza kuvuta ampea makumi kadhaa, hilo si jambo la kuchekea. Tulikagua pia kama fyuzi kubwa ipo karibu na batri, si karibu na ampli. Ilikuwa mita tatu mbali na batri, ndani ya kofre, mahali ambapo hailindi waya wowote. Kijana aliihamisha. Katika kazi yote hii, pengine hilo ndilo lililokuwa la maana kuliko yote, na hakuna aliyelilipia.

Taa ni sehemu ninayoipenda. Ukanda wa LED umekaa kwenye ukingo mmoja wa pleksi, ukimulika ndani ya unene wake. Mwanga ukiingia kwenye akriliki kutoka ubavuni unabaki umefungwa humo, unagonga juu na chini bila kutoka, mpaka ukutane na mahali palipochongwa. Pale ndipo unapotoka. Kwa hiyo sheminé inawaka na uwanda wote unaoizunguka unabaki giza. Papa alichagua rangi ya manjano hafifu. Nilimshauri bluu, akakataa, akasema hiyo ni ya mabaa. Alikuwa sahihi.

Mchakacho wa redio haukuisha wote. Ndani ya ampli kuna saketi inayokatakata umeme wa batri mara makumi ya maelfu kwa sekunde ili kuuongeza, na tole ya chuma ilikuwa inazuia kelele zake zisitoke. Pleksi haizuii kitu. Hapo pleksi ina hatia kamili, na nilimwambia papa hivyo. Tulisogeza waya wa antena, uliokuwa umelala umekumbatiana na nyaya za spika, ukapita upande mwingine wa gari, na stesheni zenye nguvu zikawa safi. Zile dhaifu bado zinachakacha ampli ikiwa imewaka. Kijana alipendekeza wavu mwembamba wa shaba chini ya pleksi, uliounganishwa na mwili wa gari. Ungefanya kazi, na ungeziba kile kile alichotaka kukionyesha. Papa alifikiri kidogo, akasema jioni anasikiliza habari Radio Okapi kwa spika ndogo za mbele tu, ampli ikiwa imezimwa, kwa hiyo wavu hautaki.

Pesa ya Julai sikuirudisha, lakini pleksi ya pili sikutoza. Kijana alilipwa na papa, baada ya mabishano marefu kuhusu zile siku mbili za majaribio, ambazo kwa papa zilikuwa siku mbili za kusikiliza muziki bure. Kwenye karatasi yangu ya kupokea kazi, chini ya urefu na upana, nimeongeza mstari mmoja wa kujazwa na mteja: mapezi yataangalia wapi? Tangu hapo wameshakuja watu wawili wenye ampli za zamani. Mmoja alijaza "ukutani", yaani ampli itasimama wima nyuma ya kiti, mapezi yakiwa yamenyooka juu chini, nami nikachonga bila wasiwasi. Wa pili aliutazama mstari huo muda mrefu, akaniomba nimrudishie tole yake kwanza akafikiri.